Mashine Isiyojua Kunihurumia

Wewe uliyetoka hospitali ukiwa na karatasi mkononi, ukaambiwa macho yako yana tansiyo, ile presha ya ndani ya jicho, haya nimekuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa wenyewe ulivyo. Daktari atakueleza, na asipokueleza muulize. Mimi nitakusimulia tu nilikopita, ili usijikwae pale nilipojikwaa. Na neno la kwanza ni hili: karatasi yako isomwe yote, mpaka mstari wa mwisho. Kwa nini ninasema hivyo utaona mbele.

Mimi ni Mama Neema wa sekretariati ya sokoni, hapa Kasongo. Usifikiri ni ofisi kubwa. Ni kibanda chenye meza, kompyuta moja, printa moja na paneli ya jua juu ya bati. Watu wanakuja na maneno yao kichwani, mimi ninayageuza kuwa barua: maombi ya kazi, posa, matangazo ya matanga, mashtaka ya mipaka ya shamba. Nimeandika barua za kuachana za watu ambao nilikula wali kwenye harusi yao, na sijawahi kutoa neno la mtu nje. Mtawa mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema karani huja kazini na masikio na vidole, mdomo anauacha nyumbani.

Mtawa huyo alikuwa na desturi moja tuliyoichukia sana. Alitufunga kitambaa shingoni, upande wa pili akaufunga kwenye taipureta, mikono yetu ikawa chini yake kama kuku kwenye tenga. Tuandike bila kuona herufi. Ukichungulia, ukurasa unaanzwa upya. Nililia mara nyingi juu ya kitambaa kile, nikamwombea yule mama mabaya ambayo leo ninaona haya kuyataja. Baada ya miezi sita vidole vyangu vilikuwa vinajua kila herufi inakolala.

Ugonjwa ulianza na taa. Nilikuwa nikiitazama naona duara la rangi limeizunguka, nikaona ni zuri, sikumwambia mtu. Kisha kichwa kikaanza kuuma upande mmoja, na wateja waliokaa kushoto kwangu wakaanza kununa kwamba ninawapita bila kuwasalimu. Mimi na wengine wote tuliita malaria. Nilimeza dawa za malaria mara tatu, na malaria yenyewe haikuwepo.

Mama mkwe alikuwa na maelezo yake. "Ile mwangaza ya mashini njo inakula macho yake," alisema, "mutu hawezi kutazama taa kutwa kama kipepeo." Mtaa mzima ukamwamini, na mimi nikaamini nusu. Aliniletea maji ya majani nioshee macho. Yaliwasha kama pilipili, nikamshukuru, kwa sababu alikuwa ameyatafuta kwa miguu yake na magoti yake ni mabovu.

Hospitali ya hapa walinitazama wakasema niende Kindu. Mume wangu, Baba Neema, ni seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Aliazima pikipiki ya kaka yake anayekaa Kabambare, akanipakia, tukaenda siku mbili. Nilishika kiuno chake na kutazama msitu kwa kile kidogo kilichokuwa kimebaki, kama tundu la ufunguo. Laiti ningejua, nisingesinzia hata mara moja njiani.

Kwenye benchi ya Kindu nilikaa siku nne kabla ya kuitwa. Benchi inafundisha mambo. Kando yangu alikuwa mama mmoja muuza samaki wa Nyangwe, amemleta baba yake. Alikuwa akinieleza kilichoko ukutani bila mimi kumwomba: "Wameweka picha ya jicho, kubwa sawa sahani. Mbaya! Inatutazama sisi wote." Tulicheka mpaka muuguzi akatugombeza. Alinipa karanga kwenye kiganja, akakunja vidole vyangu juu yake, na mpaka leo sijui jina lake.

Walinipasua jicho la kuume, kisha la kushoto. Siku ya kuondoka daktari alimwita Baba Neema pembeni. Nilibaki na bandeji nikisubiri, na walikaa huko muda ambao ungetosha kuchambua bakuli la mchele. Aliporudi alikaa karibu nami.

"Munganga anasema nini?"

"Anasema tungojee. Macho iko na choka. Utaweka dawa, utaona."

"Na karatasi?"

Akaikunjua, nikasikia. Imeandikwa Kifaransa, yeye akanigeuzia kwa Kiswahili. "Tone moja asubuhi, tone moja magaribi. Kupumuzisha macho."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mama Neema. Subira inavuta heri."

Basi nikaanza kuhesabu muda kwa chupa. Chupa moja ya matone ilinifikisha karibu mwezi. Ya kwanza ilinikuta bado ninaona kivuli cha mlango mtu akiingia. Ya tatu ilikwisha wakati mvua zinapiga kila alasiri na mahindi yamefika kifuani, walivyoniambia. Katika ya tano mlango ukaniondoka. Chupa tupu nilizitia kwenye kopo la maziwa, na watu wakiondoka nyumbani nilikuwa nikilitikisa. Kila chupa niliona ni hatua. Nilijiambia miguu ya kurudi ni mizito kuliko ya kwenda, ndiyo maana macho yanachelewa.

Niseme nilichotamani, maana wewe nawe utatamani na utadhani umerukwa na akili. Nilitamani uso wa Neema, binti yangu wa kwanza, ambaye sauti yake ilikuwa inabadilika na mimi nimebaki na uso wa mtoto. Nilitamani majani ya mihogo baada ya mvua. Lakini zaidi ya yote nilitamani kusoma. Sikutaka kitabu. Nilitaka mfuko wa sabuni, kibao cha duka la dawa, maneno yaliyoandikwa kwenye kitenge cha mwanamke anayepita mbele yangu. Nilikuwa nikitembeza kidole juu ya karatasi yoyote niliyoishika, na ilikuwa laini tu, haina kitu. Wakati mwingine nilijifungia chumbani nikalia kwa ajili ya kibao cha duka la dawa.

Nyumbani wote walinisomea. Neema alinisomea, mdogo wangu Machozi alinisomea, Baba Neema pia. Nilishukuru na nilikasirika. Anayekusomea ana mdomo wake: anaharakisha panapomchosha, anapoa panapomwogopesha. Karani anajua mtu anaporuka mstari, sauti inakanyaga pengo. Nilisikia mapengo mengi mwaka ule na sikuwa na njia ya kuyarudia.

Sekretariati aliishika Machozi, anayeandika kwa kidole kimoja. Mimi nilikatazwa kukaribia mashine. Baba Neema alisema macho yapumzike ili yarudi. Kila nilipotaka kufanya kitu, jibu lilikuwa hilo. Kuchambua mchele: pumzika. Kwenda sokoni: pumzika. Alikuwa mpole kiasi cha kunitia hasira, mpaka siku moja nilimrushia sahani ya mboga, ya sombe. Haikumpata, ilipata ukuta, na yeye akaosha ukuta bila neno. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini ninayehifadhiwa ndani kama yai, nikingoja macho.

Chupa ya tisa ilianza pamoja na mvua mpya. Siku moja nilimlazimisha Machozi anipeleke kibandani, nisikae mbali hata na harufu ya wino. Ndipo akaingia Mwalimu Sumaili.

"Yaya," Machozi, ambaye huniita hivyo kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, aliniambia kwa sauti ya chini, "kuko mwalimu mumoja wa kule Wamaza, amekuja kuchapisha mitihani. Na yeye haone."

"Yasiyoona ni macho tu," mtu akajibu akicheka, "masikio iko muzima. Mama, pole. Iko na muda gani?"

Nilimwambia. Akavuta kiti. Alisema yeye ana miaka kumi na miwili bila kuona, na alisomea Bukavu kwenye nyumba ya wasioona. Halafu akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu niugue. Aliuliza habari ya kazi yangu.

"Ile mashini yenu, mufumo yake ni gani?"

"Ni ule wa bure, Linux," nilisema. "Fundi alituwekea kwa sababu ya virusi. Watu wanaleta flashi zao na magonjwa yao."

"Iko na miaka ngapi ndani?"

"Ine."

Alipiga paja. "Miaka ine! Mama, muko na mutu ndani ya ile mashini na mumemufungia miaka ine! Leta mukono."

Aliweka vidole vyangu mahali pake, ingawa vilikuwa vinapajua. Alt, ile ya dirisha iliyo kando yake, na S. "Pamoja," alisema. Nikabonyeza.

Mashine ikasema. Kwa Kifaransa, sauti ya mwanamume, ilisema msomaji wa skrini amewashwa. Machozi alitoka mbio mpaka barabarani, akaacha kiatu kimoja. Mimi nilishika meza kwa mikono miwili.

Mwalimu Sumaili alifungua barua moja ya mfano. Sauti ikasoma Kiswahili chetu kwa pua ya Kifaransa, kama padri mgeni siku yake ya kwanza. Tukacheka sote wawili. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akipita kwa kusikia tu, akachagua sauti ya Kiswahili ambayo nayo ilikuwemo humohumo. Haikuhitaji mtandao, haikuhitaji kutumwa kutoka popote. Watu walioutengeneza mfumo ule, sijui wanakaa wapi, walikuwa wamemfikiria mtu asiyeona kabla mimi sijawa mmoja wao. Hilo liliniingia moyoni kuliko sauti yenyewe.

Maana sauti yenyewe si nzuri, nisikudanganye. Ni sauti ya bati. Haipandi wala haishuki, inasoma posa na matanga kwa namna moja. Lakini ilisoma kila neno, na nilipobonyeza kishale cha juu ilirudi mstari wa nyuma na kuusoma tena bila kuguna.

Baba Neema hakupenda. "Macho iko na pumuzika," alianza.

"Sitaweka macho. Nitaweka masikio. Hayo nayo munganga aliyakataza?"

Akarudi kwenye mbao zake. Niliona ameshindwa haraka mno kwa mtu anayejua anachokataza, lakini furaha ilinizuia kufikiri.

Nilijifunza chupa nzima ya kumi. Mwalimu Sumaili alipita mara mbili zaidi, kila mara akinicheka. Vidole viliandika kama zamani, chini ya kitambaa ambacho sasa kilikuwa kikubwa kuliko cha mtawa, na mashine ikanirudishia nilichoandika. Wateja wakaanza kurudi. Mzee mmoja alinipa mashtaka yake akaketi kuangalia, akasema, "Uyu mama haone na hakosee, sisi tunaona na tunakosea." Nilivimba kichwa siku mbili.

Siku ya tatu nilikuwa natafuta barua ya zamani ya shamba la Lusangi, niitumie kama mfano. Niliteremka kwenye orodha kwa kishale, mashine ikitaja majina ya barua moja moja. Ikataja: Barua kwa kaka, Kabambare.

Karani hasomi barua ya mteja bila ruhusa. Nilisimamisha kidole. Lakini kaka wa Kabambare ni mmoja tu, mwenye ile pikipiki, na barua za nyumba yangu niliziandika mimi siku zote. Nikafikiri ni ya kwangu, nimeisahau. Nikafungua.

Sauti ya bati ikasoma: "Kaka mpendwa. Pikipiki natumaini ilikurudia salama, Mungu akubariki. Habari ya Mama Neema. Daktari aliniambia macho yake hayatarudi. Walipasua ili kupunguza maumivu, na dawa ni ya maumivu. Yeye sijamwambia. Kila chupa ikiisha ananiuliza zimebaki ngapi, na mimi namwambia zimebaki kidogo. Kaka, nipe shauri, kwa maana". Ikanyamaza. Barua ilikuwa imekatika pale.

Nyuma yangu Machozi alikuwa akikata karatasi. Mkasi ulisimama.

"Yaya, alinitajia maneno nikaandika," alisema. "Akashindwa kumaliza. Akanikataza kukuambia."

Nilibonyeza kishale cha juu. Mashine ikasoma tena, hayatarudi, kwa sauti ileile, kama vile inataja bei ya sabuni. Haikukohoa. Haikunishika bega. Nikabonyeza tena. Mwaka mzima watu walionipenda walikuwa wameliruka neno lile, na sasa kitu kisichonijua kilikuwa kinanipa lote mara tatu, mara nne, kadiri nilivyotaka. Nililia kwa sauti, hapo sokoni, mchana. Niliyalilia macho, ndiyo, lakini nililia pia kwa ajili ya kopo langu la chupa.

Jioni ile nilimngoja Baba Neema aweke randa chini. "Leta karatasi ya munganga."

"Ya nini tena?"

"Usome. Na usiruke."

Alijua. Nilisikia akikaa chini ardhini, si kwenye kiti. Akasoma, akigeuza neno kwa neno. Matone asubuhi na magharibi. Kupoteza kuona, kabisa, macho yote mawili. Dawa za kuzuia maumivu. Kisha akanyamaza, na pengo lile nilikuwa nalijua.

"Endelea."

"Ugonjwa huu unaweza kuwa wa ukoo," alisoma. "Watoto wote wapimwe macho haraka, hata wale wanaoona vizuri."

Nje Neema alikuwa akitwanga, nikasikia mchi ukipanda na kushuka.

"Weye ulisoma hii?"

"Nilisoma."

"Mwaka muzima?"

"Ningewapeleka batoto, ungeuliza ni kwa nini. Ningekujibu nini, Mama Neema? Kila siku nilisema kesho."

Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilimwambia hilo na mengine ambayo sitayaandika. Alilia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilia na sikumnyamazisha. Nilimpa chakula kwa sababu ilikuwa saa ya chakula, basi. Nimemsamehe sasa, lakini ilichukua mvua nyingine nzima, na kuna siku msamaha unateleza nauokota upya. Alinipenda, najua. Alibeba neno lile peke yake mwaka mzima likamkondesha. Upendo wake ulitaka kunipunguzia giza, na nusura ulipeleke kwa mtoto.

Asubuhi nilikwenda kibandani, nikafungua ile barua. Sikufuta neno la mume wangu hata moja. Nilianza pale ilipokatika, kwenye "kwa maana", nikaandika: "kwa maana nimekwisha kuisoma mwenyewe. Kaka, kuanzia hapa anayeandika ni mimi, Mama Neema. Tunaomba pikipiki tena, safari hii kwa ajili ya watoto." Nikachapa, Baba Neema akatia sahihi, na barua ikapanda pikipiki iliyombeba Mwalimu Sumaili kuelekea upande wa Kabambare. Kaka alikuja mwenyewe, na pikipiki mbili.

Basi nikarudi kwenye benchi ileile ya Kindu. Niliuliza kama picha ya jicho bado iko, Neema akasema iko, kona moja imebanduka. Nilimtafuta kwa masikio yule mama wa samaki, kama vile angekuwa anakaa pale tangu siku ile. Watoto waliingia mmoja mmoja. Wawili wadogo walitoka wakikimbia, hawana kitu. Neema alichelewa ndani.

Alipotoka, muuguzi alikuwa amempa karatasi yake. Nikasikia mkono wa shati wa Baba Neema ukisogea kuipokea.

"Muachie," nilisema. "Neema, soma."

"Nisome yote, mama?"

"Yote. Hata ile hauelewe."

Akasoma. Alisoma jina lake na umri wake. Jicho la kuume, salama. Kwenye jicho la kushoto sauti yake ilisimama, nikadhani ataruka. Akaendelea: tansiyo imepanda, bado halijaharibika. Aanze matone leo. Arudi kila miezi mitatu. Akasoma mpaka sahihi, mpaka maneno ya muhuri.

Daktari alisema tumefika mapema. Mapema! Nililishika neno lile kama karanga za yule mama.

Sasa Neema naye ana chupa yake, na asubuhi tunakaa kitandani wawili tunatazama juu, yeye paa, mimi sijui nini. Hamu haijaisha. Nisikudanganye kwamba mashine inaitibu. Inanisomea barua, mifuko ya sabuni haisomi, wala uso. Siku ile ya Kindu, karatasi ilipokwisha kusomwa, Neema alinikuta ninalia akadhani ni kwa ajili ya jicho lake.

"Si jicho," nilimwambia. "Nataka kuona uso wako. Nimekaa na uso wa zamani."

Akakaribia mpaka pumzi yake ikanifikia. "Nikusomee?"

"Nisomee."

"Paji ya uso kubwa, ya baba. Pua pia ya baba, pole. Kuko vipele viwili kwa shavu. Meno moja imepanda juu ya mwenzake. Macho ni ya kwako. Ile ya kushoto iko sawa na ile ingine, haionyeshe kitu."

"Hujaruka?"

"Sijaruka, mama."